Magoti ya Baba Mdogo

Baba yangu mdogo alikuwa na magoti mabovu, na mimi nilijua. Ndiyo sababu nilichagua njia ile.

Mlima wetu, hapa Kigoma, una njia mbili. Moja inazunguka nyuma, taratibu, katikati ya mashamba ya mihogo, na dereva wa bodaboda mwenye roho ngumu anaweza kukufikisha karibu na kilele ukiwa umekaa. Nyingine inapanda moja kwa moja kutoka ziwani. Ina changarawe zinazoteleza, ina mahali pa kushika majani ili usirudi ulikotoka, na inapita kwenye mahandaki ya Wajerumani mpaka kwenye jukwaa la mawe ambapo waliweka mizinga yao wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Siku hizi vijana wa mjini huipanda Jumapili. Wanavaa raba, wanakaa juu ya jukwaa miguu ikining'inia, wanapigana picha, wanashuka wakisema wamefanya mazoezi. Sisi tuliozaliwa chini ya mlima hatukuwahi kuyaita mazoezi. Tulikuwa tunakwenda shamba.

Wazee wa baraza la kata waliponiuliza tupite wapi kwenda kukagua mpaka, niliinamisha kichwa kwa adabu zote nikasema, "Wazee wangu, kesi yenyewe ni ya mahandaki. Tukizunguka nyuma hatutayaona yote."

Nilikuwa nasema kweli. Lakini kweli hiyo niliisema kwa sababu nilitaka kumwona baba mdogo akitambaa.

Baba yangu mzazi alikuwa mvuvi. Alizama ziwani nikiwa mdogo na hakupatikana, kwa hiyo hana kaburi. Mama yangu, mtu wa Ilagala, alibaki na mimi na kipande cha shamba ambacho babu alimgawia baba: kutoka chini njiani, kupanda mteremko mzima, mpaka handaki la mizinga karibu na kilele. Juu ya handaki hilo kilianza kipande cha baba mdogo. Kilikuwa kidogo, kwa kuwa mlima ukifika juu unaisha, lakini babu alikuwa amempa pia kiwanja Gungu, na baba mdogo alipenda mjini kuliko jembe. Mama alilima. Alipanda michikichi, akakamua mawese, akanilea kwa mawese hayo. Alipokaribia kufa alisema tumzike juu, hatua chache chini ya handaki, kwa sababu ukiwa pale unaliona ziwa lote mpaka milima ya Kongo. Alitaka kuendelea kumwangalia mumewe. Tukamzika pale, tukamwekea msalaba wa simenti, nikaliandika jina lake mimi mwenyewe kwa rangi ya bluu.

Miaka mingi haikuwa na neno. Mimi nilihamia Kibirizi, naanika dagaa, nauza, nikipata nafasi napanda kupalilia kaburi. Halafu wakaja watu waliotaka kujenga nyumba ya wageni mahali penye mandhari. Walipenda kilele, lakini kipande cha baba mdogo hakikuwatosha hata kugeuzia gari. Hapo ndipo kumbukumbu ya baba mdogo ilipopata nguvu mpya. Akaanza kusema mpaka wa babu haukuwa handaki la mizinga. Ulikuwa handaki la chini.

Handaki la chini ni kweli lipo, katikati ya mteremko, limejaa nyasi na miba. Kati ya handaki hilo na lile la juu kuna nusu ya shamba letu, michikichi iliyozaa vizuri kuliko yote, na mama.

Siku moja nikapanda na fyekeo langu nikakuta mbuzi amefungwa kwenye msalaba. Kamba ilikuwa imesugua rangi mpaka jina la mama halisomeki. Kinyesi kilikuwa kila mahali. Mungu ni shahidi yangu, yule mbuzi aliponea kwenye tundu la sindano. Nilimfungua, nikashuka naye mlima mzima, nikatembea naye barabarani watu wakinitazama, mpaka Gungu. Baba mdogo alikuwa amekaa barazani kwake anakunywa chai. Nikamwamkia shikamoo, maana ni mkubwa wangu, kisha nikamfunga mbuzi kwenye mguu wa kiti chake.

Akacheka. "Mwanangu, mbuzi anaujuaje msalaba?"

Nilimpeleka baraza la kata. Kule, mbele ya watu waliojaa mpaka madirishani, alisimama na kanzu yake nyeupe akasema maneno ambayo mpaka leo nayajua kama sala.

"Shemeji yangu alikuwa mtu wa Ilagala. Alikuja kwetu kwa ndoa, na ndoa ikazama ziwani. Hatukumfukuza. Wenyewe mnasema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tulimpa jembe, na alipokufa tukamwongezea na kaburi. Lakini pale alipolala ni kwangu. Yule ni mgeni tu."

Watu wakacheka. Kile kicheko cha wazi, cha watu wasio na ubaya na mtu, waliofurahia methali iliyokaa mahali pake. Nilikaa nacho kifuani kama mwiba wa samaki. Yule mama aliyeamka alfajiri kupalilia mteremko wa babu yao mpaka mgongo ukapinda, yeye ndiye mgeni. Na aliyekuwa akinywa chai Gungu ndiye mwenyeji. Niliapa moyoni kwamba neno hilo atalilipa.

Nilipoulizwa, nilisema kwamba utotoni mwangu handaki la chini halikuwepo. Nilikwenda kukaa kwa bibi Ilagala kwa muda, niliporudi nikalikuta. Wakauliza nina shahidi gani. Shahidi wangu alikuwa chini ya msalaba.

Baba mdogo akataka iamuliwe pale pale. "Wazee, kupanda kwa nini? Kila mtu anajua mahandaki ni ya Mjerumani. Na mimi magoti haya..." Akayashika yote mawili ili wayaone. Nami nikasema hapana, sheria ni kuona kwa macho. Nilikuwa simjui mtu yeyote wa kunisaidia kule juu. Nilijua magoti tu.

Nilijiandaa usiku kucha kama mtu anayekwenda harusini. Nilichemsha mihogo, nikakaanga dagaa kwa mawese, nikatia chumvi bila kuuzuia mkono. Wazee niliwabebea maji ya kutosha kwenye dumu lao. Kwa baba mdogo nilibeba dagaa.

Asubuhi tulikutana chini, kwenye mwembe wa njia panda. Mwenyekiti wa baraza alikuwa mtu mnene wa Ujiji, mcheshi, anayemtania kila aliye mbele yake. Pamoja naye alikuwepo mzee mmoja mkimya aliyepata kuwa mchukuzi bandarini, shingo nene, mabega bado mapana, na ambaye siku nzima ya kesi hakuwa amefungua mdomo. Wengine walisingizia msiba. Wote wawili waliutazama mlima kama watu wanaodaiwa.

"Mwakeye," baba mdogo akawasalimu kwa Kiha, akapiga makofi taratibu kama inavyotakiwa, akainama. Alikuja na fimbo mpya na viatu vya ngozi. Viatu vya ngozi! Nilifurahi nilipoviona.

Kiangazi kilikuwa kimekausha kila kitu. Vumbi lilipanda pamoja nasi. Kabla hatujafika kwenye michikichi ya kwanza baba mdogo alikuwa ameshateleza mara kadhaa, na fimbo yake mpya ilikuwa inatafuta mahali pa kusimama bila kupaona. Nikawa natembea mbele, mwepesi, nikiimba kidogo. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea.

"Mwanangu," akaita, kwa sauti ya kusikika na wazee. "Njoo unipe bega."

Hapo alinipata. Mkubwa akikuomba bega mbele ya wazee hukatai, hata kama jana alifunga mbuzi kwenye kaburi la mama yako. Nikirudi nyuma nitakuwa mtumishi wake. Nikikataa nitakuwa binti asiye na adabu, na binti asiye na adabu anawezaje kuaminiwa habari za mipaka? Alinitazama akijua yote hayo. Jasho lilikuwa linamtoka mpaka kwenye ndevu, lakini macho yalikuwa yanacheka.

Nilirudi, nikampa bega. Lakini sikupunguza mwendo.

Kila mtu aliyepandisha mzigo mlimani anajua kwamba anayeshika bega la mwenzake hufuata mwendo wa bega. Nilipanda kama ninavyopanda nikiwa peke yangu. Mkono wake ulinikamata kwenye mfupa, ukazidi kuwa mzito. Nilimsikia akipumua karibu na sikio langu. Kuna mahali njia inabana kati ya jiwe na korongo, na pale goti lake lilitoa mlio, kweli nililisikia, na yeye akasema polepole, si kwa ajili ya wazee, "Polepole, mama."

Aliniita mama. Watu wa kwetu humwita hivyo binti wanayempenda. Kwa muda mfupi nilikumbuka kwamba mkono ule ule uliwahi kuninyanyua kwenye mtumbwi siku walipokuwa wakimtafuta baba yangu. Huruma ilinijia. Niliisikia ikija, nikaiambia pita. Nikaongeza mwendo.

Tulipumzika kwenye kivuli. Nikagawa mihogo na dagaa. Mwenyekiti akasifu mapishi, akanywa maji kwa kelele. Baba mdogo alikula kwa sababu alikuwa na njaa, kisha akatazama dumu. Nikamwambia dumu ni la wazee wa baraza, mimi siwezi kuwapangia. Mwenyekiti akampa, bila shaka, alikuwa mtu mwema. Lakini ilibidi baba mdogo aombe.

Hatimaye tukafika handaki la chini. Baba mdogo aliachia bega langu, akajinyoosha, akapangusa uso kwa kofia yake. Alikuwa amechoka mpaka midomo imekuwa ya kijivu, lakini alifika, na kwa fimbo akachora hewani mstari mrefu.

"Hapa, wazee. Mpaka wa baba yetu."

Mwenyekiti akachungulia, akaitikia kwa kichwa. Ni shimo refu, lina kina cha mtu mzima, na miti imeotea ndani. Ungekuwa mgeni ungeamini. Niliona wazi kwamba ningeweza kumtambaza baba mdogo mpaka mbinguni na bado nishindwe kesi.

Yule mzee mchukuzi alikuwa amebaki nyuma. Akaja taratibu, akasimama ukingoni, akalitazama handaki. Akatazama chini ziwani, akatazama juu kwenye jukwaa la mizinga, kama mtu anayepima. Kisha akavua kofia.

"Hili ndilo mnalolisema?" akauliza.

"Ego," baba mdogo akakubali kwa Kiha. "La Mjerumani."

"Nilidhani mnasema jingine. Muda wote wa kesi nilidhani jingine." Akaielekeza kofia shimoni. "Mjerumani hakuchimba hapa."

"Wewe ulikuwepo?" baba mdogo akafoka.

"Nilikuwepo. Nilichimba mimi. Uliniita wewe."

Baba mdogo angeweza kukana. Angesema mzee huyu amezeeka, anachanganya milima. Hakuna aliyekuwa na ushahidi mwingine. Lakini uso wake ulibadilika, na alichokiogopa hakikuwa baraza.

"Nyamaza!" akapiga kelele. "Tuliapa! Unataka nife?"

Mwenyekiti akaamuru mchukuzi aendelee.

Ikabidi yaelezwe. Kigoma nzima inaamini kwamba Wajerumani walipokimbia waliacha rupia zao ardhini, na hakuna familia ambayo haina mtu aliyewahi kuchimba. Baba mdogo, wakati nipo kwa bibi Ilagala, alimleta mganga kutoka ng'ambo, na mganga akaonyesha mahali katikati ya mteremko. Mama alikuwa ameugua, amelazwa hospitali. Wachimbaji waliapishwa kwa damu ya kuku mweusi kwamba atakayesema mdomo utapinda, na aliyewapa kazi atakufa kabla ya mvua.

"Mlipata nini?" mwenyekiti akauliza. Alijitahidi sana kuweka uso wa baraza.

"Kizibo cha chupa," mchukuzi akasema. "Na mfupa. Mganga akasema mfupa ndio mlinzi wa mali, tukimbie. Tukakimbia."

Mwenyekiti alianza kutikisika tumbo. "Mimi," akasema, "mimi nilichimba nyuma ya nyumba ya mjomba, Ujiji, mpaka ukuta ukaangukia jiko la shangazi." Akacheka mpaka akakaa chini. Mchukuzi akashika mdomo wake, akaupapasa huku na huku, akakuta haujapinda, naye akacheka. Kilikuwa kicheko kile kile cha barazani, cha watu wasio na ubaya na mtu. Nami nilicheka. Nilimtazama baba mdogo machoni nikacheka mpaka machozi, nikitaka aone kila jino langu.

Tukapanda mpaka handaki la juu, lile lenye kuta za mawe, na siku hiyo hiyo tukakata matawi ya mnyaa tukayapanda mstari kando yake, kama watu wa kwetu wanavyoweka mpaka. Mama akabaki upande wetu. Baba mdogo alikaa kwenye jiwe akitazama.

Kushuka sikumpa bega. Hakuna aliyeniomba. Alizunguka njia ya nyuma akitafuta bodaboda, na nilimwona kwa mbali akishuka kinyumenyume ili kuyapunguzia magoti maumivu.

Ungedhani yaliishia hapo. Mimi pia nilidhani, lakini kuna neno moja lilikuwa bado halijalipwa.

Kile kipande chake cha kilele aliwauzia wale watu hatimaye, walipata namna ya kujenga. Wakaweka uzio na geti, na njia ya nyuma ikawa ndani ya uzio. Miaka ikapita, mvua zikaja na kwenda bila kumuua. Kisha figo zikamwangusha. Akatuma watoto wake waniite.

Alikuwa amelala kwenye chumba cha mbele, Gungu, amepungua mpaka kitanda kimekuwa kikubwa. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Usikubali wanizike makaburi ya mjini. Nitalala na watu nisiowajua."

"Unataka wapi, baba?"

"Mlimani. Kwetu."

"Kwako kuna uzio."

Akafumba macho. Watoto wake wakatazama sakafu. "Kwenu, basi," akasema.

"Kwa nani, baba?"

Alijua ninachokitafuta. Saa ya ukutani ilikuwa inafanya kazi yake.

"Kwa mama yako."

"Sijasikia vizuri." Nilikuwa nimesikia vizuri kabisa.

"Kwa mama yako," akasema tena.

Nikamfunika shuka vizuri mpaka kidevuni. Nikamwambia, kwa sauti tamu kuliko zote nilizo nazo, "Usiwe na wasiwasi. Watu wa Ilagala hawafukuzi mgeni."

Aligeuza macho akanitazama, na nikaona neno limefika lilikotakiwa kufika. Aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea alichopewa kwa kuwa hana kingine.

Jeneza lilipanda kwa njia ya mbele, maana nyingine haikuwepo. Vijana waliteleza, waliapa chini chini, walikamata majani, jeneza likainamia huku na kule katika mahali panapobana kati ya jiwe na korongo. Nilitangulia mbele. Nilikuwa nimeshawaonyesha wachimba kaburi mahali: si kando ya mama, wala si juu yake. Miguuni pake. Waombolezaji waliniambia nina moyo mkubwa. Wanawake wengine walinishika mkono wakilia kwa wema wangu. Niliuacha mkono wangu ushikwe.

Sijamsamehe. Siku hizi nikipanda kupalilia, nawapisha vijana wenye raba zao, nafika, nauosha msalaba wa mama, nalipitia jina lake kwa rangi mpya. Namwamkia shikamoo, namweleza habari za dagaa. Kisha nashuka hatua chache miguuni pake. Baba mdogo ni mkubwa wangu, na angekuwa hai nisingekosa kumwamkia. Pale simwamkii. Namwambia kile ambacho mwenyeji humwambia aliyefika kwake.

"Karibu, mgeni."